Safari ya Mtoto Mchanga: Kutoka Pemba Hadi Shume

Ndugu wanachama, mama zetu na dada zetu,

Somo letu la safari hii si la kitalu wala la kuanika karafuu. Ni la watoto. Mavuno yakisha na hesabu zikifungwa, watu wetu wengi hufunga safari kwenda kuwatazama jamaa zao Bara, na wapo miongoni mwetu waliooa au kuolewa katika milima ya Usambara. Hao hupenda kuwachukua watoto wao wachanga ili wakaonwe na bibi na babu. Ni jambo jema, na kuunga udugu kuna thawabu. Lakini mtoto wa miezi mitatu hakuomba kusafiri, wala hawezi kusema kwamba amechoka. Yatupasa sisi wakubwa tujue kwa niaba yake.

Tumeichagua safari ya Shume iwe mfano wetu kwa sababu ndani yake mna kila namna ya taabu: bahari, joto la tambarare, na baridi ya mlima. Mzazi ajuaye kumfikisha mtoto Shume akiwa mzima na mchangamfu hatashindwa na safari ya Unguja, ya Dar es Salaam, wala ya Mombasa.

1. Njia yenyewe

Msafiri wa Pemba huvuka bahari mpaka Tanga. Kutoka Tanga hupita Muheza, Segera na Korogwe, hata afike Mombo. Hapo huiacha barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, akaanza kupanda. Kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa njia ya Soni ni kiasi cha kilomita 33 tu, lakini ni kilomita za kona juu ya kona, katika barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima tangu zama za Wajerumani. Kutoka Lushoto njia huendelea Magamba, hupenya msituni, kisha hutokea Shume, nchi ya viazi, kabichi na karoti.

Mombo iko chini, penye joto. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na Shume hukaribia mita 1,900. Mlima huo ni mkali hata kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitengeneza njia ya kamba za chuma ili kuteremshia mbao za Shume mpaka stesheni ya Mkumbara. Basi na tufanye hesabu. Kila mtu apandapo mita 1,000, hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 6. Kwa hiyo, mtoto aliyetoka Pemba asubuhi na kufika Shume siku ya pili amepungukiwa na nyuzi kama 11 za joto, na usiku wa Juni, Julai na Agosti baridi ya huko huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtoto huyo hajapata kuona baridi maishani mwake.

2. Kanuni moja ya kushika

Kanuni yetu ni hii: mvishe mtoto kwa mahali alipo, si kwa mahali aendako.

Twaisema kwanza kwa sababu mara nyingi kosa huanzia hapo. Mama ameambiwa, “Shume kuna baridi kali.” Basi humvika mtoto sweta, kofia ya sufi na soksi tangu nyumbani Pemba, akamfunika na blanketi juu. Mtoto huyo huvuka bahari akitokwa na jasho, hupita Korogwe akichemka, na afikapo Mombo yu mwekundu wa harara, amelia hata sauti imemkauka. Jasho limeilowesha fulana yake, na fulana hiyo ndiyo anayopanda nayo mlimani. Sasa baridi inamkuta akiwa maji maji. Mama husema, “Baridi imemdhuru mwanangu,” kumbe joto ndilo lililoanza kumdhuru.

Joto likizidi ni hatari kwa mtoto mchanga. Mwili wake ni mdogo, hupoteza maji upesi, wala hana uwezo wa kujifunua. Sisi wakulima wa karafuu jambo hili si geni kwetu. Mche wa mkarafuu hulelewa kitaluni chini ya kivuli, na kivuli hupunguzwa kidogo kidogo kabla mche haujapelekwa shambani. Haupigwi jua lote kwa siku moja. Mtoto naye abadilishiwe hali kidogo kidogo.

Kwa hiyo, nguo za baridi zifungwe katika mfuko mdogo wa peke yake, uwekwe karibu na mkono, wala usitupwe chini ya mizigo au juu ya gari. Pemba mpaka Mombo mtoto avae nguo moja nyepesi ya pamba. Soni aongezwe nguo ya pili. Lushoto avae sweta na soksi. Magamba, kabla ya kuingia msituni, avae kofia na kufunikwa. Wakati wa kurudi, mfanye kinyume chake: kila mteremkapo, mpunguzie.

Na mtoto apimwe vipi? Usimshike vidole, maana vidole vya mtoto hupoa hata akiwa na joto la kutosha. Ingiza mkono wako kifuani mwake au nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo. Pakiwa pamepoa, mwongezee. Pakiwa na uvuguvugu mkavu, mwache alivyo.

3. Kabla ya kuondoka

Kwanza, mpelekeni kliniki. Chanjo ambayo wakati wake umefika isiahirishwe kwa ajili ya safari, na kadi yake iende pamoja naye. Mtoto mwenye homa, anayeharisha au anayepumua kwa taabu asisafirishwe. Jamaa watamwona siku nyingine.

Pili, ulizeni bandarini siku na saa ya chombo, kwa kuwa ratiba hubadilika. Kisha pangeni mlale Tanga au Korogwe usiku mmoja. Kumpeleka mtoto mchanga kutoka Pemba mpaka Shume bila ya kituo ni kumtesa, na mama pia hutaabika. Ni afadhali mpande mlima asubuhi, mfike na jua.

Tatu, wapigieni simu wenyeji wenu mapema. Waambieni mna mtoto wa umri gani, na waombeni maji ya moto yawe tayari saa mtakayofika.

Nne, mzigo wa mtoto uwe mwepesi: nguo za kubadilisha tatu zaidi ya zile mnazodhani zinatosha, nepi za siku nzima na nusu yake tena, kanga mbili safi, sabuni, mifuko ya kutilia nguo chafu, na chandarua chenye dawa.

Tano, mama asisafiri peke yake kama kuna njia nyingine. Baba naye asijifanye abiria. Kazi yake si kukata tikiti tu. Abebe mtoto, abadilishe nepi, amnunulie mama maji. Wahenga walisema, “Msafiri maskini, ajapokuwa sultani.” Ikiwa sultani huwa maskini njiani, mama mwenye mtoto mikononi na mkoba begani atakuwaje?

4. Baharini

Watoto walio chini ya miaka miwili kwa kawaida hawachafukwi na bahari kama sisi wakubwa. Atapikaye ni mama. Na mama akizidiwa, mtoto hukosa mikono na hukosa ziwa. Kwa hiyo mama ndiye wa kutunzwa kwanza. Ale chakula kidogo kikavu kabla ya kupanda, asishinde na njaa wala asishibe mno. Akae katikati ya chombo, mahali pa chini, panapopita hewa, mbali na moshi wa mashine. Aangalie mbali upeo wa bahari, asiinamie simu.

Mtoto asilazwe sakafuni penye miguu ya watu na maji machafu. Asifunikwe uso kwa kanga ili kumkinga na upepo, kwa maana kitambaa huweza kumziba pumzi bila ya mtu kutambua. Mkingeni kwa mgongo wenu.

Na jambo jingine, zito. Hatuna haja ya kuwakumbusha watu wa Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya MV Spice Islander I ikija kwetu kutoka Unguja, imejazwa watu kupita kiasi. Mamia walikufa, na watoto walikuwamo. Basi mpandapo chombo, ulizeni papo hapo: jaketi la kuokolea la mtoto liko wapi? Jaketi la mtu mzima halimfai mchanga, humvuka likamtoka. Na mkikiona chombo kimejaa kupita kiasi, rudini nyumbani. Tikiti hununuliwa tena.

5. Katika gari

Mahali pa mtoto ni kiti cha nyuma. Mwenye gari yake na uwezo, anunue kiti maalumu cha mtoto kinachofungwa kikitazama nyuma. Hakuna kinga bora kuliko hiyo. Katika basi, mama afunge mkanda wake mwenyewe, na mtoto awe nje ya mkanda huo, amefungwa kwa mbeleko kifuani pa mama. Mkanda mmoja usiwafunge wawili, kwa sababu gari ikisimama ghafula uzito wa mama utambana mtoto. Katika mbeleko, uso wa mtoto uonekane wakati wote, na kidevu kisigandamane na kifua chake.

Jua likiingia dirishani, hameni upande au tundikeni kanga dirishani, si juu ya mtoto. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa muda wa kununua maandazi. Na kutoka Lushoto kwenda juu, pikipiki isiwe chombo cha mtoto mchanga. Upepo wake hula joto la mwili upesi sana, na akianguka hana kinga.

Katika kupanda, na zaidi katika kuteremka, masikio huziba. Mkubwa humeza mate yakazibuka. Mchanga hajui, hulia tu. Dawa yake ni kunyonya, maana kumeza ndiko kunakoyazibua masikio. Basi akiamka akilia katika kona za Soni, mpeni ziwa kabla ya kumpa lawama.

6. Kunyonya na kula

Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji, hata katika joto la Korogwe. Maziwa ya mama karibu yote ni maji, na ndani yake mna kila kitu kimtoshacho. Katika joto anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji mengi. Ikiwa safari imeangukia Ramadhani, sheria yetu imempa rukhsa msafiri, na imempa rukhsa mama anyonyeshaye. Aipokee rukhsa hiyo, alipe siku zake baadaye.

Mtoto anyweshwaye maziwa ya unga achukuliwe unga uliopimwa, mkavu, na maji yaliyochemka katika chupa ya chai. Yachanganywe wakati wa kunywa, yakiwa moto bado, kisha yapozwe. Yakibaki, yamwagwe. Maziwa yaliyokorogwa alfajiri yakanywewa adhuhuri ni mlango wa kuharisha.

Aliyezidi miezi sita apewe chakula cha kumenywa papo hapo: ndizi mbivu, au parachichi la kupondwa kwa kijiko safi. Uji uliopikwa nyumbani usikae zaidi ya saa mbili katika joto. Wala asipewe asali aliye chini ya mwaka mmoja, hata kidogo tu ya kulamba, kwani huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mchanga haliviwezi.

7. Kilio ni maneno

Mtoto akilia, abiria humtazama mama kwa macho makali, naye huona haya. Asione haya. Mtoto hana ulimi mwingine. Afuate daraja hizi: je, ana njaa? Amelowa? Ana joto au baridi? Nguo inambana, au nywele imemzonga kidole cha mguu? Ana hewa tumboni na hajabeuliwa? Ikiwa yote hayo siyo, basi amechoka kutikiswa na sura ngeni. Mwekeni kifuani, mwili kwa mwili, mwimbieni sauti aliyoizoea, na mahali gari isimamapo teremkeni naye mkatembee kidogo kivulini. Wala asipitishwe mkono kwa mkono na kila abiria apendaye kumbeba na kumbusu, maana kwa njia hiyo mafua hupata abiria mpya.

8. Usiku wa Shume

Hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu hapa pana kifo kisichopiga hodi.

Wenyeji wa milimani ni wakarimu. Wakiwaona watu wa pwani wanatetemeka, watawaletea jiko la mkaa chumbani na kuwafungia madirisha. Wanafanya hisani, lakini mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mwenye kuivuta husinzia, huumwa na kichwa, kisha haamki. Mtoto hupumua mbio kuliko mkubwa, basi sumu humpata mapema.

Oteni moto nje au jikoni penye hewa. Kabla ya kulala, semeni kwa adabu: “Mama, tumeshukuru sana kwa moto wako, na tumekwisha kuota. Twaomba sasa jiko litolewe nje, kwa ajili ya mtoto.” Hapana mwenyeji mwema atakayechukia. Na jiko litoke lote, si kufunikwa majivu likaachwa kona.

Badala ya mkaa, tieni maji ya moto katika chupa, izungusheni nguo, iwekeni kitandani kwa mtoto nusu saa, kisha iondoeni kabla hajalazwa. Alazwe chali. Blanketi zito la wakubwa lisimpande usoni. Limfike kifuani tu, mikono ikiwa nje. Avae nguo mbili au tatu nyepesi, kwani hizo hushika joto kuliko moja nzito. Kofia ni ya nje. Ndani, wakati wa kulala, ivuliwe. Kumwogesha kungoje adhuhuri, kwa maji ya uvuguvugu, na kukausha kuwe kwa haraka. Akipitisha siku moja kwa kufutwa tu na kitambaa, hapana dhara.

9. Dawa, na mafuta yetu wenyewe

Wapo wanaompa mtoto dawa ya mafua au ya mzio ili alale njiani. Hilo halifai kabisa. Usingizi wa namna hiyo huweza kuipunguza pumzi yake. Dawa za kuzuia kutapika safarini pia si za wachanga.

Na sasa twazungumza juu ya mali yetu. Mafuta ya karafuu, yale yanayokamuliwa katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, ni mazuri kwa kazi zake, na sisi tunajivunia. Lakini mtoto mchanga asipakwe tumboni, wala kwenye ufizi, wala asitiliwe kinywani kwa ajili ya riahi. Ni makali mno. Watoto waliomeza kiasi kidogo tu wamepatwa na degedege, wamepoteza fahamu, na ini lao limeharibika. Chupa yake isisafiri katika mfuko wa mtoto. Mkulima wa karafuu awe wa kwanza kuisema kweli hii.

10. Homa njiani na baada ya kurudi

Visiwa vyetu vimepunguza sana malaria, na kwa hiyo watoto wetu hawana mazoea nayo. Tambarare za Muheza na Korogwe bado zina ugonjwa huo. Shume yenyewe kwa baridi yake haina mbu wengi, lakini usiku wa kulala njiani una hatari. Chandarua kitumike kila usiku, tangu magharibi. Na homa ya malaria haitoki siku ile ile ya kuumwa na mbu. Huchukua siku saba au zaidi. Basi mtoto akishikwa na homa baada ya kurudi Pemba, apelekwe akapimwe siku hiyo hiyo, na mwelezeni mganga, “Tumetoka Bara.” Neno hilo moja huweza kumwokoa.

Na popote mlipo, msingoje kuche, mkimbilieni daktari mtoto akikataa kunyonya, akipumua kwa taabu, akipata degedege, akilegea na kushindwa kuamshwa, akitapika kila kitu, utosi ukibonyea, au akipitisha saa sita bila ya kukojoa. Aliye chini ya miezi mitatu akiwa na homa yo yote, hiyo peke yake yatosha. Kwa aliye Shume, hospitali ya wilaya iko Lushoto mjini.

Maswali ya kuzungumza katika matawi

1. Kwa nini mtoto asivishwe nguo za Shume tangu Pemba?
2. Mpimeni mtoto kwa mkono, kisha mweleze mmempima wapi, na kwa nini si vidoleni.
3. Mwenyeji ameleta jiko la mkaa chumbani. Mtasema nini, bila ya kumvunjia heshima?
4. Baba ana kazi gani katika safari? Wajibu akina baba wenyewe, na akina mama wasahihishe.

Tunaomba makatibu wa matawi walisome somo hili kwa sauti mbele ya akina baba na akina mama pamoja, maana si somo la upande mmoja. Mwenyezi Mungu awafikishe salama, na awarudishe na watoto wao wakiwa wazima.

Wassalaam,
Katibu wa Chama